Uganda, fedha za wafadhili na mizani ya Muislamu



Ndugu zangu katika imani, kila inapoibuka habari ya Uganda na sheria yake ya kupinga ushoga, kurasa zetu hujaa maneno ya aina mbili. Wapo wanaosema: "Mzungu kakata misaada, hii ni vita dhidi ya dini." Na wapo wanaosema: "Mzungu kanywea, Afrika imeshinda." Maneno yote mawili husambazwa kwa kasi, na aghalabu anayesambaza hajui hata mwaka gani sheria hiyo ilipitishwa.

Leo naomba subira yenu, kwa sababu somo ni refu na ni la historia. Hukumu ya kitendo chenyewe katika dini yetu inajulikana, masheikh wameieleza, na sikuandika leo ili kuirudia. Ninachotaka tukitazame ni hiki: mataifa ya nje yalifanya nini hasa pale nchi zetu zilipotunga sheria hizi? Nani alisema nini, nani alitoa au kuzuia fedha kiasi gani, na mwisho wa siku gharama ilimwangukia nani? Tukishika tarehe na hesabu mkononi, tutaona jambo ambalo kelele zinatuficha.

1. SHERIA ILITOKA WAPI?

Tuanzie kwenye mzizi. Waislamu wengi hudhani sheria za Afrika Mashariki zinazokataza mapenzi ya jinsia moja zimetokana na dini, yetu au ya jirani zetu. Sivyo. Ziliandikwa na Waingereza.

Mwaka 1860 Waingereza walitunga Kanuni ya Adhabu ya India. Kifungu chake cha 377 kilikataza kujamiiana walikokuita kinyume cha maumbile. Wazo hilo, na karibu maneno yenyewe, vikapelekwa koloni baada ya koloni. Kenya ikapata kifungu cha 162, Tanganyika kifungu cha 154, Uganda kifungu cha 145. Hakuna kadhi aliyeketi kuyaandika hayo. Hakuna sharti la mashahidi wanne ndani yake. Ni kalamu ya serikali ya kikoloni, na Uhuru ulipokuja tuliyarithi kama tulivyorithi majengo ya mahakama na mawigi ya majaji.

Mwaka 1967 Waingereza wakaanza kuilegeza sheria hiyo kwao wenyewe, katika England na Wales. Makoloni ya zamani yakabaki nayo. Na mwezi Aprili 2018, mbele ya viongozi wa Jumuiya ya Madola waliokutana London, Waziri Mkuu Theresa May alisema anajutia sana kwamba nchi yake ndiyo iliyoziweka sheria hizo katika nchi za watu.

Tafakari hapo. Aliyeandika ndiye anayekaripia. Na sisi tunaosema tunalinda asili yetu, mara nyingine tunalinda karatasi ya gavana.

2. MSWADA WA 2009 NA SIMU ZA USIKU

Machi 2009 wahubiri kutoka Marekani, mmoja wao Scott Lively, waliendesha semina mjini Kampala kuhusu kile walichokiita hatari ya ushoga. Oktoba mwaka huohuo, mbunge David Bahati, Mkristo wa walokole, aliwasilisha bungeni mswada mpya. Adhabu zilikuwa kali kuliko za mkoloni, na kwa baadhi ya makosa ulitaja kifo.

Mataifa ya nje yakajibu. Lakini angalieni walivyojibu mwanzoni. Novemba 2009 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikutana Port of Spain, Trinidad. Huko Stephen Harper wa Kanada na Gordon Brown wa Uingereza wakalizungumza na Rais Museveni ana kwa ana. Hillary Clinton, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, akampigia simu. Januari 2010 Museveni akawaeleza wanachama wa chama chake wazi kabisa: kila mkubwa anayekutana naye anamuuliza habari hiyo tu, basi jambo hili limekuwa suala la sera ya nje, na waliendee taratibu.

Mswada ukakaa. Ulikaa zaidi ya miaka minne. Simu na mazungumzo ya faragha yalifanya kazi ambayo vitisho vya hadharani havikuja kuifanya baadaye.

Huku mitaani mambo hayakusubiri sheria. Oktoba 2010 gazeti moja dogo la Kampala lilichapisha majina na picha za watu likidai ni mashoga, na likataka wanyongwe. Baadhi yao walikwenda Mahakama Kuu na wakashinda: mahakama ikasema gazeti limewavunjia haki ya faragha na heshima ya utu. Mmoja wa walioshinda kesi ile alikuwa David Kato, mwalimu na mwanaharakati aliyejulikana sana. Tarehe 26 Januari 2011 alipigwa nyundo kichwani nyumbani kwake, akafariki. Polisi walisema ulikuwa ugomvi binafsi, na mwaka huohuo mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Wenzake Kato hawakuacha kuuliza kama jina lake lisingechapishwa gazetini ingekuwaje. Swali hilo tuliweke kando, tutalirudia.

Oktoba 2011 Waziri Mkuu mwingine wa Uingereza, David Cameron, alibadilisha mtindo. Akiwa Perth, Australia, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, alitangaza kwenye televisheni kuwa nchi zinazopokea misaada ya Uingereza lazima ziheshimu haki za mashoga, la sivyo baadhi ya fedha zitaelekezwa kwingine. Siku chache hazikupita, majibu yakatoka Kampala, Accra na Dar es Salaam. Waziri wetu wa Mambo ya Nje wa wakati ule, marehemu Bernard Membe, alisema Tanzania iko tayari hata kuvunja uhusiano kuliko kupangiwa masharti hayo. Watu wakashangilia.

Lakini kuna waraka mmoja ambao wengi hawakuusikia. Watetezi wa haki wa Afrika wenyewe, wakiwemo wanaotetea mashoga, walimwandikia Mwingereza kumwambia: usifanye hivyo. Ukikata misaada kwa jina letu, zahanati ikikosa dawa sisi ndio tutakaolaumiwa, na wananchi watatugeukia. Walimwonya, na kilichofuata kiliwasadikisha.

3. MWAKA 2014: FUATA TAREHE

Tarehe 20 Desemba 2013 Bunge la Uganda liliupitisha mswada, adhabu ya kifo ikiwa imebadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Februari 2014 Obama akaonya hadharani kwamba ukitiwa saini uhusiano wa nchi hizi mbili utaingia doa. Tarehe 24 Februari Museveni akautia saini Ikulu ya Entebbe mbele ya kamera za dunia. Kiongozi aliyesema miaka minne nyuma kwamba jambo hili liendewe taratibu, sasa alikuwa ameonywa mbele za watu, na uchaguzi wa 2016 ulikuwa unanukia.

Sasa shikeni kalamu tuhesabu.

Tarehe 27 Februari, siku tatu baada ya saini, Benki ya Dunia iliahirisha mkopo wa dola milioni 90. Mkopo wa nini? Wa afya: huduma za kina mama wajawazito na watoto wachanga.

Norway na Denmark zikazuia fedha zilizokuwa ziende moja kwa moja serikalini, na nyingi wakazielekeza kwa mashirika yasiyo ya kiserikali na sekta binafsi. Uholanzi ikasimamisha msaada wake kwa sekta ya sheria. Sweden nayo ikafuata.

Marekani ikasema itahamisha sehemu ya dola milioni 6.4 zilizokuwa zipitie Baraza la Dini Mbalimbali la Uganda, chombo ambacho Waislamu nao wamo, kwa sababu baraza hilo liliunga mkono sheria. Fedha zile zilikuwa za huduma za UKIMWI. Mwezi Juni ikaongeza: ikafuta mpango wa polisi jamii wa dola milioni 2.4, ikahamishia Afrika Kusini mkutano wa wataalamu wa afya, ikafuta zoezi moja la kijeshi la anga, ikawanyima viza baadhi ya wahusika.

Hayo ndiyo yaliyotangazwa kwa sauti. Sasa sikilizeni yaliyokwenda kimya kimya.

Machi 2014, mwezi mmoja tu baada ya saini, Marekani hiyohiyo ilipeleka Uganda ndege za kijeshi aina ya Osprey na askari wapatao 150 wa kuongeza nguvu katika msako wa Joseph Kony. Juni 2014, mwezi uleule wa vikwazo vya viza, Sam Kutesa, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uganda, alichaguliwa bila kupingwa kuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Na muda wote huo askari wa Uganda walikuwa Mogadishu, walikokuwa tangu 2007, wakipigana vita ambavyo mataifa ya Magharibi yalivihitaji lakini hayakutaka kupeleka watoto wao. Hakuna aliyethubutu kugusa hilo.

Kisha tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikaibatilisha sheria ile. Sababu? Siyo haki za binadamu. Ilisema siku ya kuipitisha, akidi ya wabunge haikutimia. Siku tatu baadaye, tarehe 4 Agosti, ukaanza mkutano mkubwa wa viongozi wa Afrika mjini Washington, na Museveni alikuwa miongoni mwa wageni wa Obama.

Simwambii mtu aamini njama. Majaji walikuwa na hoja ya kisheria na hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Ninasema tu: fuata tarehe.

4. DAR ES SALAAM, NOVEMBA 2018

Tusidhani hayo ni ya Uganda pekee. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kuunda timu ya kuwasaka mashoga jijini na akawataka wananchi watume majina.

Wapo walioona ni ushujaa. Lakini tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali, na kwamba Tanzania itaendelea kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoiridhia. Umoja wa Ulaya ukamwita balozi wake Brussels na ukatangaza kuupitia upya uhusiano wake na Tanzania. Denmark ikazuia kroner milioni 65. Januari 2020 Marekani ikampiga marufuku Makonda kuingia nchini humo.

Zingatieni jambo moja la kidiplomasia hapo. Mkuu wa mkoa alizungumza na watu wa mkoa wake. Wizara ilizungumza na mabalozi. Serikali moja, vinywa viwili, wasikilizaji wawili. Na yule kijana aliyekuwa amejifungia chumbani Tandale au Kinondoni akihofia jina lake limetumwa, hakuna kati ya vinywa hivyo viwili kilichomwelekea yeye.

5. BRUNEI: NCHI YA KIISLAMU YENYE MAFUTA

Mtu atasema: hawa wanaionea Afrika kwa umaskini wake. Basi tuitazame nchi ya Kiislamu isiyohitaji msaada wa mtu.

Brunei ni ndogo, ina mafuta na gesi, na Sultani wake, Hassanal Bolkiah, ni miongoni mwa watawala tajiri duniani. Tarehe 3 Aprili 2019 sehemu ya mwisho ya sheria yake mpya ya jinai ya Kiislamu ilianza kutumika, ikiwemo adhabu ya kupigwa mawe hadi kufa kwa liwati na zinaa. Huko hapakuwa na mkopo wa kuahirisha. Ikabidi njia nyingine itumike: wasanii kama George Clooney na Elton John wakaitisha mgomo dhidi ya hoteli za kifahari zinazomilikiwa na Brunei huko London, Paris na Los Angeles, na makampuni kadhaa yakaziacha. Bunge la Ulaya likapitisha azimio.

Tarehe 5 Mei 2019, mkesha wa Ramadhani, Sultani akalihutubia taifa. Hakuifuta sheria. Alieleza kwamba kwa zaidi ya miongo miwili nchi yake haijatekeleza hukumu ya kifo, na kwamba usitishaji huo utahusu pia sheria mpya. Akaahidi kuridhia mkataba wa kimataifa dhidi ya mateso. Mwezi huohuo akarudisha shahada ya heshima aliyopewa na Chuo Kikuu cha Oxford, ambacho kilikuwa kimeanza kuitafakari upya.

Na Waingereza? Walilaani. Lakini kikosi chao cha Wagurkha kilichoko Brunei, ambacho gharama zake hubebwa na Sultani, kilibaki palepale. Na baadhi ya mataifa yaliyosema Brunei imevuka mpaka, yaliendelea kununua mafuta na kuuza silaha kwa nchi nyingine zenye adhabu hiyohiyo vitabuni.

Kwa hiyo Kampala na Bandar Seri Begawan zinatuonyesha kitu kimoja. Nchi za nje hujibu kwa kupima: huyu namhitaji kiasi gani, na watu wangu nyumbani wanapiga kelele kiasi gani. Palipo na maslahi makubwa, laana hubaki kwenye karatasi.

6. 2023 HADI SASA

Machi 2023 mswada mpya ukaletwa bungeni Kampala, safari hii na Asuman Basalirwa, mbunge Muislamu wa Manispaa ya Bugiri na kiongozi wa chama cha JEEMA. Ulipitishwa tarehe 21 Machi, Rais akaurudisha kwa marekebisho, ukapitishwa tena tarehe 2 Mei, na saini ikatangazwa tarehe 29 Mei. Kifungo cha maisha kwa kitendo, hadi miaka 20 kwa anayekihamasisha, na kifo kwa makosa waliyoyaita mazito zaidi.

Siku ileile wakuu wa mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, wa UNAIDS, na wa mpango wa Marekani wa UKIMWI walitoa tamko la pamoja: wagonjwa wataogopa kuja kliniki na mafanikio ya miaka mingi yatapotea. Tarehe 8 Agosti Benki ya Dunia ikasimamisha mikopo mipya. Museveni akajibu kuwa Uganda itaendelea na mkopo au bila mkopo. Marekani ikazuia viza, kisha ikaiondoa Uganda katika mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa bila ushuru kuanzia tarehe 1 Januari 2024.

Na yaliyoendelea? Miradi ya zamani ya Benki ya Dunia iliyokwisha kuidhinishwa haikusimama. Kampuni ya Ufaransa, TotalEnergies, iliendelea na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Askari wa Uganda walibaki Somalia.

Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ikaikubali sehemu kubwa ya sheria, lakini ikafuta vifungu vichache. Naomba mvijue, kwa sababu vinatuhusu. Kimojawapo kilimlazimisha mtu kumripoti mwenzake anayemshuku. Kingine kilimwadhibu mwenye nyumba kwa kumpangisha chumba mtu kama huyo. Majaji hawa wa mahakama ya kidunia walisema hapana: vifungu hivyo vinakiuka haki ya afya, faragha na uhuru wa dini.

Kisha ikaja 2025, mwaka uliowaumbua wote. Januari, Rais Trump aliposhika madaraka, alisimamisha misaada ya nje ya Marekani karibu yote. Kliniki za UKIMWI za Uganda zikatikisika kuliko zilivyotikiswa na ugomvi wowote wa miaka kumi na mitano iliyopita, na safari hii haikuwa kwa sababu ya sheria ya ushoga hata kidogo. Ilikuwa siasa ya Washington. Juni, Benki ya Dunia ikatangaza kurudi kuikopesha Uganda kwa miradi mipya, kwa masharti ya kuzuia ubaguzi, na sheria ikiwa bado ipo. Agosti, Uganda ikasema imekubaliana na Marekani kupokea baadhi ya wahamiaji wa nchi nyingine wanaofukuzwa huko. Waliokuwa wakitupiana maneno sasa wanasaini mikataba.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Aliyeshangilia kwamba "Mzungu kanywea" na aliyelia kwamba "Mzungu katuonea", wote wawili walikuwa wanautazama mfuko wa mtu mwingine.

7. MIZANI YETU IKO WAPI?

Ndugu zangu, historia hii yote naileta kwa ajili ya mambo matatu.

La kwanza: tuhakiki habari. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuchunguze habari tunayoletewa tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Umeona leo kwamba "misaada yote imekatwa" haikuwa kweli, na "hakuna kilichokatwa" pia haikuwa kweli. Ulichokatwa kilikuwa kidogo kwa serikali na kikubwa kwa mjamzito na mgonjwa. Ukisambaza maneno bila kujua, wewe ni punda wa kubeba mzigo wa siasa za watu.

La pili: tusikubali dini yetu iwe ngoma. Mtawala anayekabiliwa na uchaguzi anajua ngoma ipi ikipigwa watu hutoka nje kucheza. Mwanasiasa wa Ulaya naye ana ngoma yake. Wewe ukiwa ndani ya mduara unacheza, muulizeni kiongozi yuleyule kuhusu rushwa, kuhusu mali ya mayatima, kuhusu dhuluma ya ardhi, kuhusu zinaa ya vigogo na wanafunzi. Kama ghera ya dini inaishia kwa mnyonge mmoja tu asiye na mtetezi, hiyo si ghera ya dini.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote. Dini hii iliyoharamisha kitendo ndiyo hiyohiyo iliyoharamisha upelelezi. Hujurat tena, aya ya 12: tumekatazwa dhana mbaya, tumekatazwa kuchunguzana, tumekatazwa kusengenyana. Na Suratun Nur, aya ya 4, imeweka mijeledi themanini kwa anayemtuhumu mwanamke mtwaharifu na zinaa asilete mashahidi wanne, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Wanazuoni wakamwingiza mwanamume katika ulinzi huohuo. Hiyo ndiyo heshima ya jina la mtu mbele ya Mwenyezi Mungu.

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti za anasa ndani ya nyumba. Akapanda ukuta akaingia, akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia: ewe Amirul Muuminina, usiniharakie. Mimi nimemuasi Allah kwa moja, wewe umemuasi kwa matatu. Umepeleleza, naye amekataza kupeleleza. Umeingia kwa kupanda ukuta, naye ameamrisha tuingie kwa mlangoni. Umeingia bila ruhusa na salamu, naye ameamrisha hivyo. Umar, aliyeogopwa na wafalme wa dunia, akakubali, akamsamehe, akatoka.

Sasa linganisheni. Umar, khalifa, alirudi nyuma mbele ya mlango wa mtu. Na sisi, mkuu mmoja akisema "tumeni majina", tunatuma. Gazeti likichapisha picha, tunasambaza. Katika kundi la simu mtu akitaja jina la kijana wa mtaani, tunaongeza na la pili. Je, kuna mashahidi wanne? Kuna hata mmoja? Na yule kijana akipigwa, akifukuzwa chumba, akitishwa atoe fedha ili picha isitoke, akiogopa kwenda kuchukua dawa akafa, unadhani damu hiyo itaulizwa kwa Museveni na Obama peke yao?

Rudini kwenye lile swali la jina lililochapishwa Kampala mwaka 2010. Hakuna balozi atakayekujibia swali hilo siku ya Kiama.

Suratul Maida, aya ya 8, inatufundisha kwamba kuwachukia watu kusitutoe kwenye uadilifu. Aya hiyo haikusema tupende maasi. Ilisema mizani isiinamishwe. Ukiona kosa, kuna nasaha ya siri, kuna mzazi, kuna sheikh, kuna dua, na kuna mahakama yenye ushahidi. Hakuna ngumi ya mtaani, hakuna orodha ya majina, hakuna kumnyima mgonjwa dawa.

Mataifa yataendelea kupimana kwa mafuta, majeshi na kura. Leo watanuna, kesho watapeana mikono, historia ya miaka hii imetuonyesha. Muislamu asiwe na mizani inayokwenda na upepo huo. Mwenyezi Mungu ametupa yetu, tuishike.

Ee Mola wetu, tuhifadhi sisi na watoto wetu na machafu, ya dhahiri na ya siri. Zilinde ndimi zetu na heshima za watu. Tusitiri aibu zetu kama tunavyositiri za wenzetu. Tupe viongozi wanaokuogopa Wewe, wasiotuchezesha kwa jina lako. Amin.

Ukiona somo lina faida, mfikishie mwenzako, na usiongeze jina la mtu yeyote chini yake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.